Mwendo katika mstari mnyoofu: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya safari hii yote yanahusu kitu kinachokwenda mbele au nyuma kwenye mstari mmoja. Kabla ya kugusa hesabu yoyote ya namna hii, amua upande upi ni chanya na uuandike pembeni ya karatasi. Asiyefanya hivyo hubahatisha alama za kujumlisha na kutoa mpaka mwisho wa swali.

Nimefundishwa kuwa velositi ni mwendokasi wenye mwelekeo. Huo mwelekeo unabadilisha nini, zaidi ya kuongeza neno "mashariki" mwishoni mwa jibu?

Unabadilisha namba zenyewe. Mkimbiaji anakwenda mita 60 kuelekea mashariki kwa sekunde 12, anageuka papo hapo, kisha anarudi mita 36 kwa sekunde 8. Umbali aliokimbia ni mita 96 kwa sekunde 20, kwa hiyo mwendokasi wake wa wastani ni 96 ÷ 20 = 4.8 m/s. Lakini ukipima moja kwa moja kutoka alipoanzia hadi alipoishia, yuko mita 24 tu mashariki. Huo ndio mhamo wake, na velositi ya wastani ni 24 ÷ 20 = 1.2 m/s kuelekea mashariki. Angerudi mpaka alipoanzia, velositi ya wastani ingekuwa sifuri, jasho lote lile lisihesabike. Namba hizi mbili hulingana pale tu ambapo hakuna kugeuka njiani.

Gari limekwenda kwa 60 km/h na kurudi njia ileile kwa 40 km/h. Kwa nini wastani si 50?

Kwa sababu limetumia muda mrefu zaidi kwenye 40. Tuseme njia ni kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48 km/h, na urefu wowote wa njia utakupa 48 hiyohiyo. Kujumlisha na kugawa kwa mbili kunafaa iwapo kila mwendokasi umechukua muda sawa, au iwapo mchapuko (kiasi ambacho velositi inabadilika kwa kila sekunde) haubadiliki.

Mchapuko ukiwa hasi, maana yake kitu kinapunguza mwendo, sivyo?

Sivyo. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika kwa kila sekunde, na alama yake inakuambia badiliko hilo limeelekea upande gani. Kitu hupunguza mwendo pale mchapuko na velositi vinapokuwa na alama tofauti. Vikiwa na alama moja, hata kama zote ni hasi, kitu kinazidi kwenda mbio.

Rusha mpira wima kwenda juu kwa 20 m/s. Hesabu juu kuwa chanya, chukua mvutano wa dunia kuwa 10 m/s² (thamani ya karibu zaidi ni 9.8) na upuuze ukinzani wa hewa. Kila sekunde inayopita, velositi inasomeka hivi: 20, 10, 0, −10, −20. Kila hatua imepungua kwa 10, kwa hiyo mchapuko ni −10 m/s² tangu mpira unapoachia mkono hadi unaporudi. Katika sekunde mbili za kwanza mpira unapunguza mwendo. Katika mbili za mwisho unaongeza, na mchapuko ni uleule hasi.

Hapo kileleni ndipo wengi hujikwaa. Velositi ni sifuri, basi wanaandika mchapuko sifuri. Kama ungekuwa sifuri, velositi isingebadilika tena na mpira ungebaki umening'inia hewani. Grafu ya velositi na muda inaonyesha jambo hili vizuri: ni mstari mmoja ulionyooka unaoshuka kutoka 20 hadi −20, ukikata mhimili wa muda kwenye sekunde ya 2 bila kupinda.

Nachanganya grafu. Mstari wa mlalo unamaanisha kitu kimesimama au kinakwenda kwa velositi isiyobadilika?

Inategemea mhimili wa wima umeandikwa nini, kwa hiyo usome kwanza, kabla hujatazama umbo. Kwenye grafu ya mahali na muda, mlalo ni kusimama. Kwenye grafu ya velositi na muda, mlalo ni kwenda bila kubadilika, na kusimama ni pale mstari unapolala juu ya sifuri yenyewe.

Kisha kuna vitu viwili vya kusoma: mteremko wa mstari, na eneo lililo chini yake. Mteremko wa grafu ya mahali ni velositi. Mteremko wa grafu ya velositi ni mchapuko, na eneo lake ni mhamo. Mfano: gari linaanza kutoka kusimama, linafika 12 m/s kwa sekunde 6, linashikilia hapo kwa sekunde 10, kisha linafunga breki na kusimama kwa sekunde 4. Michapuko ni 12 ÷ 6 = 2 m/s², halafu 0, halafu −12 ÷ 4 = −3 m/s². Maeneo ni pembetatu ya 36, mstatili wa 120 na pembetatu ya 24, jumla mita 180. Hakiki kwa kanuni ya trapeza: ½ × (20 + 10) × 12 = 180.

Mstari ukishuka chini ya sifuri, eneo la huko linatolewa ukitafuta mhamo, linajumlishwa ukitafuta umbali. Angalia vipimo pia: muda ukiwa kwa dakika na velositi kwa m/s, eneo halikupi mita mpaka ubadili dakika kuwa sekunde. Na kama grafu ya mahali imepinda, velositi ya sekunde fulani ni mteremko wa tanjenti hapo, yaani mstari mnyoofu unaougusa mpindo kwenye nukta hiyo. Chora tanjenti ndefu, usome nukta mbili zilizo mbalimbali. Pembetatu ndogo hukuza kosa la macho.

Gari liko 20 m/s, breki zinalipunguza kwa 4 m/s². Limekwenda umbali gani kwa sekunde 8? Nimepata mita 32, kitabu kinasema 50.

Umeweka namba sawasawa kwenye s = ut + ½at² (s ni mhamo, u velositi ya mwanzo, a mchapuko, t muda): 160 − 128 = 32. Tatizo ni kwamba kanuni haijui kuwa breki hazirudishi gari nyuma. Gari linasimama baada ya 20 ÷ 4 = sekunde 5, likiwa limekwenda ½ × 20 × 5 = mita 50, na sekunde tatu zilizobaki halitikisiki. Kwa maswali ya breki, tafuta muda wa kusimama kwanza. Kumbuka pia kuwa milinganyo hii inataka mchapuko usiobadilika. Ukibadilika, gawa safari vipande au rudi kwenye eneo la grafu.

Kwa kuwa v² = u² + 2as (v ni velositi ya mwisho), ukizidisha mwendokasi mara mbili umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Kutoka 40 m/s gari hili lingehitaji mita 200.

Utepe wetu wa nukta (unavutwa na kigari, na kifaa kinagonga juu yake nukta 50 kwa sekunde) unatoa mchapuko mkubwa kupita kiasi. Tunakosea wapi?

Huenda mnahesabu nukta badala ya nafasi. Kila nafasi ni sekunde 0.02, na nafasi tano ni sekunde 0.1, lakini nafasi tano zina nukta sita. Ukikata kila nukta tano una nafasi nne, yaani sekunde 0.08, na ukiandika 0.1 au 0.08 bila kujua ulichokata, kila kitu kinapotoka. Ruka nukta za mwanzo zilizorundikana.

Tuseme vipande vya sekunde 0.1 vina urefu wa sm 2.1, 3.0, 3.9 na 4.8. Velositi za wastani ni 21, 30, 39 na 48 sm/s. Zichore katikati ya kila kipindi, yaani sekunde 0.05, 0.15, 0.25 na 0.35. Zinaongezeka kwa 9 kila sekunde 0.1, hivyo mchapuko ni 90 sm/s², au 0.9 m/s². Msilazimishe mstari upite kwenye sifuri: ukiurefusha nyuma unakata mhimili wa wima kwenye 16.5 sm/s, kwa kuwa kigari kilikuwa tayari kinakwenda kwenye nukta mliyoichagua.

Njia ya haraka ya kubadili km/h kuwa m/s?

Gawa kwa 3.6. Kurudi, zidisha.