Gari la otomatiki likivuta trela, D peke yake haitoshi

Magari mengi tunayoendesha Uganda ni ya Kijapani, ya otomatiki, na dereva huweka D akitoka nyumbani asiguse gia tena mpaka afike. Bila mzigo hakuna neno. Funga trela la matofali, ushike barabara ya Kabale kwenda Kisoro, uone giaboksi na breki zinavyoteseka.

Kwa gari la gia nne, bonyeza kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa) kabla mlima haujaanza. Taa ya O/D OFF ikiwaka, gia ya nne imefungwa. Usipoifunga, giaboksi inapanda ya nne, inashindwa, inarudi ya tatu, inapanda tena. Klachi za ndani zinateleza na oili inapata moto kupita kiasi. Chomoa kijiti cha oili hiyo: ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, usivute kitu mpaka fundi aione.

Kuteremka ndiko kunakoua watu. Weka 2 (gia ya pili) ukiwa bado juu, mwendo mdogo. L (gia ya chini kabisa) pale mteremko unapozidi. Injini ndiyo ishike gari. Breki ikanyage sawasawa kwa muda mfupi, mwendo upungue, uiachie ipoe. Ukiikanyaga mfululizo inachemka, na pedali inazama hadi chini bila kushika. N (gia huru) usiiguse kabisa wakati wa kuteremka, hata ukiambiwa inaokoa petroli. Injini za injekta hukata petroli zenyewe ukiachia pedali ya mafuta ukiwa kwenye gia.

Mzigo, takriban asilimia 60 ukae mbele ya ekseli. Trela la kilo 800 pamoja na mzigo lilalie ndoano ya gari kwa kilo 80 hadi 120. Ukirundika nyuma, trela linacheza mkia, linayumba kushoto na kulia. Likianza, achia mafuta, shika usukani unyooke, usifunge breki ghafla. Minyororo ipishane chini ya mkono wa trela, ili ukichomoka udakwe usichimbe lami.

Ukisimama mlimani, kanyaga breki, utingo aweke kabari kwenye magurudumu ya trela. Weka N, vuta handibreki, achia breki taratibu mpaka uzito utulie, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote unaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Na kama kabari yako ilikuwa jiwe, liondoe barabarani kabla hujaenda. Mtu wa boda usiku hataliona.