Nimekwama ukurasa wa 40: maswali yenu ya fantasia na saifai

Maswali ya fantasia (hadithi za uchawi na dunia za kubuni) na saifai (hadithi za kisayansi) yamejaa mpaka naona aibu. Nimechukua machache, mengine yatasubiri, na kwa wale mlioandika kurasa nne mkisimulia kitabu chote mwanzo mwisho, samahani, nimewafupisha.

Mkuu, Dune nimeianza mara tatu na mara zote naishia kwenye ukurasa wa 40 hivi. Maneno hayaeleweki, kila mtu ana cheo na kila cheo kina jina lake. Watu wote wanasema ni kitabu cha maana. Shida ni mimi au kitabu? (Nimekwama)

Kitabu, ila na wewe una kosa lako dogo na nadhani nalijua, kila ukikutana na neno geni unakimbilia kile kikamusi cha nyuma. Acha. Ukiwa unaruka mbele na nyuma kila baada ya aya mbili hadithi inakatikakatika, na mtu yeyote atachoka hapo, si ujinga.

Angalia ile sura ya kwanza kabisa. Paul ana miaka 15, kaitwa mbele ya bibi mmoja ambaye hata mama yake Paul anamuogopa, anaambiwa atie mkono kwenye kisanduku, na akiutoa kabla hajaruhusiwa anakufa, maana kuna sindano ya sumu imekaa karibu na shingo yake. Sindano hiyo inaitwa gom jabbar. Sasa niambie, hapo unahitaji kikamusi cha nini? Mkono unauma kama unaungua, sindano iko pale, kijana anajikaza, umeshaelewa kila kitu na jina utalizoea lenyewe. Kitabu kizima kinaenda hivyohivyo, neno linakuja kwanza, maana inakuja nyuma yake taratibu, kazi yako ni kuvumilia kutojua kwa kurasa kadhaa.

Alafu kuna kitu sisi tunaosoma kwa kichwa cha Kiswahili tunacho na wengi hawajashtuka, Frank Herbert, mwandishi wa Dune, alichota Kiarabu kwa ndoo. Shaitan ni shetani, si ndio? Lisan al-Gaib, hiyo gaib ndo ghaibu yetu. Ilm ni elimu. Hata Muad'Dib, kwenye hadithi ni kapanya ka jangwani, lakini kwa Kiarabu mzizi wake ni huohuo uliotupa adabu na kuadibu, yaani mwalimu, mtu anayefunza wengine adabu, na ukishalijua hilo lile jina linakaa tofauti kabisa kichwani. Msomaji wa London anahangaika na maneno ambayo wewe nusu yake unayo mdomoni tangu utotoni.

Na wala hujakwama peke yako, wachapishaji zaidi ya 20 walikikataa, mwisho mwaka 1965 kikatolewa na Chilton, kampuni iliyokuwa inajulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Nebula na kikagawana tuzo ya Hugo na kitabu kingine. Kwa hiyo jaribu mara ya nne bila kikamusi, ukifika pale familia imeshahamia jangwani na bado hujali nani anakufa nani anapona, funga, mpe mtu mwingine.

Mi napenda uchawi wenye sheria zinazoeleweka, kama Mistborn. Rafiki yangu kanipa A Wizard of Earthsea anasema hiyo ndo fantasia ya kweli. Nimesoma nusu, naona uchawi haueleweki, mtu anasema neno kitu kinatokea. Nani yuko sahihi? (Bwana Kanuni)

Hapa nitakaa kidogo maana ndo ugomvi ninaoupenda.

Mistborn ya Brandon Sanderson, 2006, naielewa kwa nini inakunogea. Mtu anameza vipande vya madini, anavichoma tumboni, na kila madini yana kazi yake, bati linakupa macho na masikio makali, chuma kinavuta vitu vya madini, chuma cha pua kinavisukuma. Sasa inakuja ile picha ambayo hakuna aliyeisoma akaisahau, mtu anadondosha sarafu chini, anaisukuma, sarafu haina pa kwenda kwa sababu kuna ardhi, basi anayepaa ni yeye. Ni fizikia ya darasani kabisa, ukisukuma nawe unasukumwa. Sanderson mwenyewe anaamini kwamba mwandishi ana haki ya kutatua matatizo kwa uchawi kwa kadiri msomaji anavyouelewa huo uchawi, na kwa vitabu vya namna yake hilo ni kweli tupu, tusingekuwa na hiyo sarafu kichwani kila pambano lingekuwa kelele tu.

Lakini Ursula Le Guin, aliyeandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, alikuwa anacheza mchezo mwingine na hapo ndipo rafiki yako ana pointi, ingawa hilo neno "ya kweli" angelimeza tu. Rudi mwanzo kabisa, yule mtoto wa miaka saba amemsikia shangazi yake akimtamkia mbuzi maneno fulani na mbuzi akashuka kwenye paa. Kesho yake yuko mlimani peke yake na mbuzi anayapiga kelele yaleyale. Mbuzi wanakuja. Wote. Kimya, wanamtazama kwa macho ya njano. Anacheka, anarudia tena, wanasogea zaidi, wanambana, anaanza kuogopa, anakimbia, nao wanakimbia naye wamemzunguka mpaka kijijini na hajui neno la kuwaachia.

Hiyo ni sheria Bwana Kanuni, tena kali kuliko za madini, neno la kweli lina nguvu juu ya kitu na ukilitamka bila kujua uzito wake linakugeukia wewe. Ndo maana mle ndani mtu hamwambii mwenzake jina lake la kweli ovyo, ukimpa mtu jina lako umempa maisha yako. Tofauti ni kwamba Sanderson anakupa sheria uzitumie pamoja na shujaa, Le Guin anakupa sheria uziogope. Malizia hiyo nusu, kakitabu kenyewe kafupi.

Inafaa kuanza mfululizo ambao mwandishi hajaumaliza? Nimeumizwa huko nyuma. (Nilisubiri Sana)

Pole, najua ni nani kakuumiza, George R. R. Martin na A Song of Ice and Fire yake. Cha kwanza 1996, cha tano 2011, tangu hapo sisi na matumaini. Mi naanza kama kila kitabu kinasimama chenyewe, kama kinaishia katikati ya mlango basi nasubiri. Ila wale wa Wheel of Time nao walidhani mambo yameisha Robert Jordan alipofariki 2007, vitabu 11 vimetoka na mwisho haujaandikwa, na huyohuyo Sanderson akachukua maandishi aliyoyaacha akamalizia kwa vitabu vitatu, cha 14 kikatoka 2013. Unaweza kusikia mkono umebadilika lakini mwisho ulikuja. Sio wote wanabahatika hivyo.

Dada, mume wangu ananicheka kila akinikuta na vitabu hivi, anasema mtu mzima hawezi kusoma mambo ya majini na roketi. Nimjibu nini? (Mama wa Roketi)

Usimjibu. Mwachie Kindred ya Octavia Butler mezani, ya 1979. Haina jini wala roketi. Inaanza na mwanamke anakwambia safari yake ya mwisho imemgharimu mkono, ndo unaingilia hapo. Mwanamke mweusi wa mwaka 1976, anaishi California na mume wake mzungu, na kila mtoto fulani wa kizungu wa zama za utumwa huko Maryland akikaribia kufa, huyu mama anavutwa kurudi nyuma kwenda kumwokoa, maana huyo mtoto ndo babu wa ukoo wake, akifa yeye hazaliwi. Sasa huyo mtoto anakua, anakuwa bwana wa watumwa, na mwanamke bado inabidi amwokoe. Namna anavyosafiri haielezwi popote, hakuna mashine hakuna sayansi, Butler mwenyewe alikataa kuiita saifai kwa sababu hiyohiyo. Akikimaliza muulize kama hicho ni cha watoto. Kama hatakimaliza basi ana sababu zake, mimi sipo kwenye ndoa yenu.

Ni lazima sayansi iwe sahihi? Nimeambiwa The Martian inaanza na uongo. (Mhandisi)

Kweli inaanza na uongo na mwandishi, Andy Weir, alijua. Ile dhoruba inayomwangusha mwanaanga Watney haiwezekani, hewa ya sayari ya Mars ni nyepesi mno, shinikizo lake halifiki hata sehemu moja ya mia ya shinikizo la hewa yetu, upepo hata ukiwa na kasi ya kutisha hautakusukuma kihivyo. Weir alihitaji mtu aachwe peke yake kule, akachukua dhoruba, basi.

Mimi namsamehe na nakwambia kwa nini. Kitabu alikiweka kwanza kwenye tovuti yake sura kwa sura bure, wasomaji wanaojua kemia na fizikia wakawa wanamrekebisha, naye anarekebisha kweli. Kwa hiyo baada ya ule uongo mmoja kila kitu kinalipiwa, maji yanapatikana kwa hesabu, hewa kwa hesabu, akikosea hesabu kitu kinalipuka usoni kwake. Nisichosamehe ni uongo wa ukurasa wa 300 unaokuja kumtoa shujaa shimoni. Mwanzoni nikopeshe, mwishoni usinikope.

Nimeanza The Fifth Season, inanisemesha "wewe, wewe, wewe" kama inanigombeza. Kwa nini? (Sitaki Kugombezwa)

Kuna sababu na siisemi. Sio madoido, ni sehemu ya hadithi yenyewe na ukifika utarudi ukurasa wa kwanza ukajishike kichwa. Mwandishi wake, N. K. Jemisin, alichukua Hugo ya riwaya bora 2016, 2017 na 2018 mfululizo kwa vitabu vyote vitatu, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Na sura zote haziko hivyo, kuna wengine wawili wanasimuliwa kwa kawaida tu, pumzika kwao.

Kwa Kiswahili hakuna hizi mambo? Au tusubiri tafsiri? (Wa Nyumbani)

Zipo, tatizo tumefundishwa kuzisoma kwa ajili ya mtihani. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, nchi nzima inaelea angani, wajumbe wanatumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wanarudi na habari za ajabu wanaishia kufungwa kwa shukrani, na Karama anayasimulia hayo yote akiwa kizimbani anatetea roho yake. Sisi tulipewa tuchambue dhamira na wahusika tukaiona chungu. Isome sasa hivi bila kalamu mkononi, kama unavyosoma fantasia nyingine yoyote, iache ile nchi ielee kwanza kabla hujaanza kuuliza inamaanisha serikali gani.

Alafu Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, hiyo ni saifai kabisa, kuna chombo cha angani na jamii nyingine kule kinakotua, na jina lenyewe ukilikata linakuchekea, wale ni sisi. Naomba mtu aandike nyingine ya namna hiyo, hata fupi.

Sina muda, nipe kitu cha siku mbili. (Haraka)

All Systems Red ya Martha Wells, 2017. Roboti mlinzi, nusu mashine nusu mwili, kavunja mwenyewe programu inayomtawala, angeweza kuua watu wote, badala yake anataka aachwe atazame tamthilia zake. Ukiikosa hiyo tafuta kitabu kinachoitwa Binti, cha Nnedi Okorafor, 2015, msichana wa Kihimba anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu sayari nyingine, na ndani ya chombo mambo yanaharibika mapema sana.

Kusikiliza kitabu ni kusoma? (Masikio)

Ndiyo. Swali linalofuata.

Na wewe unasoma nini sasa hivi? (Mdadisi)

The Three-Body Problem ya Liu Cixin, nimechelewa najua, Kichina ilianza kutoka 2006 na Kiingereza cha Ken Liu 2014. Cha kuchekesha ni kwamba zile sura za Mapinduzi ya Utamaduni ya China, zile za kupigwa kwa yule profesa, kwenye kitabu cha Kichina zilifichwa katikati, kwenye Kiingereza ndo zinafungua, kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema wamesoma kitabu kimoja na mmoja kaingilia mlangoni mwingine dirishani.

Wahusika wake wakavu kama mbao, sitadanganya, wanaongea kama wanasoma ripoti. Lakini kuna yule mwanasayansi anayepiga picha kwa kamera ya filamu, anasafisha picha zake anakuta namba, saa, dakika, sekunde, zinarudi nyuma, kila picha zimepungua. Anampa mke wake kamera ileile apige, picha safi. Mtoto anapiga, safi. Anapiga yeye, namba zipo na zimeendelea kupungua. Nilikuwa nasoma kitandani taa nimeshazima natumia simu, nikanyanyuka nikawasha taa, mtu mzima na akili zangu. Nimebakisha kurasa kama 90, kwa hiyo mliomaliza naombeni mnyamaze mpaka Jumatatu.