Pengo limepungua, na volti je?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia hapa Mombasa, naishi Tudor. Mradi wangu ni kusanifu kipokezi cha elektroni kisicho cha fulerini (zile molekuli za kaboni zenye umbo la mpira), kwa ajili ya sola za ogani, yaani zinazotengenezwa kwa molekuli za kaboni. Nimeanza na molekuli ya Y6, kipokezi kinachojulikana, nikazing'oa florini zote nne za kwenye ncha na kutia makundi ya siano (kaboni na nitrojeni). Kompyuta inaonyesha pengo la nishati limepungua. Pengo dogo si ndio mwanga mwingi? Niendelee kulipunguza?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiongeze kitu kwanza. Pengo dogo hunasa mwanga mwingi, kweli, na hapo ndipo fulerini ilipotuchosha: inameza mwanga kidogo, na kuibadilisha ni tabu. Lakini pengo lina sakafu, yaani HOMO (ngazi ya juu kabisa ya nishati yenye elektroni), na dari, yaani LUMO (ngazi ya chini kabisa iliyo tupu). Siano inavuta elektroni kwa nguvu kuliko florini, kwa hiyo wewe umeteremsha dari.

Volti ya sola inatokana na umbali kati ya HOMO ya kitoaji (nyenzo inayokipa kipokezi elektroni) na LUMO ya kipokezi, halafu utoe hasara. Ukiishusha LUMO elektronivolti 0.1, umejikata karibu volti 0.1. Y6 ilipotangazwa mwaka 2019 ikiwa na kitoaji PM6, pengo lake lilikuwa elektronivolti 1.33, na sola ilitoa volti 0.83 kwa ufanisi wa 15.7%. Huna akiba ya kuchezea hapo.

Ukitaka lazima pengo lipungue, gusa kiini cha katikati. Kikiwa na utajiri zaidi wa elektroni, sakafu inapanda na dari haishuki sana. Ila HOMO ya kipokezi ikishaipita ya kitoaji, mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, hayavuki tena kwenda kwa kitoaji.

Halafu kuna filamu yenyewe, lile tabaka jembamba linalomwagwa kwenye kioo. Kompyuta yako imehesabu molekuli moja inayoelea peke yake, na kwenye kioo hakuna molekuli inayokaa peke yake. Y6 ikiwa imeyeyushwa kwenye klorofomu, kilele chake cha kumeza mwanga kiko nanomita 731. Ikishakauka kuwa filamu, kinasogea hadi 821. Nanomita 90 bila kubadilisha atomu hata moja! Ni mpangilio tu: ncha zinalaliana na elektroni zinapata njia.

Mpangilio huo unatawaliwa na minyororo ya pembeni, ile ambayo nina hakika umeikata ukaweka methili (kikundi cha kaboni moja tu) ili hesabu iishe haraka. Sote tunafanya hivyo. Lakini mwaka 2021 L8-BO, ndugu yake Y6, ilipita ufanisi wa 18% kwa mabadiliko ya minyororo hiyo: minyoofu ya Y6 ilibadilishwa ikawa yenye matawi. Tunachotafuta ni kitu kama mkeka: miyaa ya rangi mbili, kitoaji na kipokezi, imepishana, na kila mmoja unafika ukingoni.

Mimi niliwahi kufupisha minyororo kwa pupa. Hesabu zilipendeza. Nikaimwaga molekuli hiyo kwenye kioo jioni, rangi ya buluu safi kabisa. Asubuhi nikakuta filamu imejaa vifuwele kama chumvi iliyokauka kwenye mwamba wa pwani. Sola hiyo haikuwasha chochote.

Na kwa kuwa uko Mombasa, chunguza kiungo kati ya kiini na ncha. Ni kaboni mbili zenye kifungo maradufu, na ndicho mahali dhaifu pa familia hii yote. Mwanga wa urujuanimno ukikutana na tabaka la zinki oksidi linalokusanya elektroni kwenye sola nyingi, kiungo hicho hushambuliwa, na unyevu hausaidii. Ncha zinazovuta kupita kiasi hukifanya kiwe na njaa zaidi ya elektroni, yaani rahisi kuvamiwa. Siano zako zinakuumiza mara mbili.

Rudisha florini. Weka minyororo kamili, hesabu molekuli mbili zikiwa zimelaliana ncha kwa ncha, kisha linganisha HOMO yake na ya kitoaji utakachotumia. Ukinipelekea matokeo, nipelekee na jina la kitoaji hicho. Kwenye swali lako hukukitaja.