Muulize Shangazi: Nikishika mkaa tu, ndoto imekwisha

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaanga vitumbua hapa Lindi mjini. Simu huniamsha saa tisa usiku. Najua nimetoka kuota, utamu wake bado uko mwilini, lakini nikishika mkaa tu, kwisha habari. Ijumaa sipiki, na Ijumaa iliyopita niliota mnada wa korosho: wanunuzi waliokaa vitini ni korosho, sisi watu wa mtaani tumo kwenye magunia. Nikasikia natangazwa daraja la pili! Nilicheka mpaka mume wangu akaamka. Natamani niwe naziandika ndoto hizi, ila yeye anasema ni kujiitia mabalaa. Nifanyeje?
Mama Vitumbua, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daraja la pili, mtu anayeamka saa tisa kulisha mji? Hao wanunuzi hawajui mali.

Umejijibu nusu kwa kuitaja Ijumaa. Usingizi huja kwa mawimbi. Kila baada ya dakika 90 hivi tunaingia kipindi ambacho macho hutembea chini ya kope kama ya mtu anayetazama ngalawa zikipita, na ndoto za vituko nyingi huja hapo. Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza kipindi hicho mwaka 1953. Mwanzoni mwa usiku ni kifupi, kisha kinarefuka kadiri alfajiri inavyosogea. Wewe wa saa tisa unaondoka ngomani kabla lipiko, yule mchezaji wa kinyago, halijatoka. Ijumaa umelala mpaka kumekucha, ukaliona likicheza.

Halafu katika kipindi hicho ubongo hauweki kumbukumbu vizuri. Ukiamka na wazo la kwanza likawa "mkaa umebaki?", mkaa unashinda. Kwa hiyo tega simu dakika tano mapema, na ikilia izime bila kuitazama. Usigeuke, usifumbue macho. Tafuta kilichobaki, hata kama ni rangi tu, au woga, au sura ya mtu, kisha vuta kurudi nyuma polepole, kama mvuvi anayevuta mshipi asijue kimenasa nini. Mimi nikiwa nimeshageuka, hurudi ubavu niliolalia. Kuna siku ndoto inanikuta hapohapo.

Hapa Mikindani nina kauntabuku chini ya mto, na penseli imefungwa kwa uzi. Kalamu ya wino niliiacha, kila usiku ilikuwa inajificha uvunguni. Usiandike hadithi nzima saa hiyo, maneno manne yanatosha, ila yawe ya kueleweka. Nina ukurasa unaosema: "Pweza. Kofia ya mzee. Usimwambie." Mpaka leo sijui ni nani asiambiwe, wala aambiwe nini. Basi, vitumbua vikiisha, kaa uongeze nyama siku hiyohiyo.

Wala si mimi tu niliyeaibishwa na mwandiko wangu. Mwanasayansi Otto Loewi, aliyekuwa Austria mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliamka usiku na ndoto ya jaribio, akaichora kwenye kipande cha karatasi, akalala. Asubuhi hakuweza kusoma alichoandika. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, saa tisa, saa yako wewe! Safari hii hakuamini karatasi. Aliondoka moja kwa moja hadi maabara, akatumia mioyo miwili ya vyura kuonyesha kwamba mshipa wa fahamu huutuma ujumbe wake kwa kemikali. Mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobel. Wewe huna haja ya vyura.

Kujirekodi sauti kwenye simu nako kunafaa, ili mradi usifungue meseji. Mimi nilijaribu mara moja. Asubuhi nikasikia bibi anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, na mjukuu wangu huwasikilizisha wageni sauti hiyo.

Ama mumeo, usibishane naye. Mashehe wetu wametufundisha ndoto njema umsimulie anayekupenda, mbaya uteme mate kushoto mara tatu na usimwambie mtu. Mimi za kutisha siziandiki kabisa, na daftari halijapungua kitu. Lakini ndoto ileile ya kutisha ikirudi kila mara mpaka unaogopa kulala, hiyo ni ya kupeleka hospitali, si ya kauntabuku.

Ila ukibahatika kurudi kwenye mnada ule, chungulia gunia la mumeo amepangwa daraja gani. Hilo liandike kwa wino.