Mleta mada, warfarini ya mama yako usiiguse

Acha kwanza. Salamu tutapeana baadaye. Hizo siku saba za kufunga zisianze kabla hujasoma hapa.

Umeandika kwamba mama amewekewa valvu (mlango wa moyo) ya chuma pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, yuko nyumbani wiki ya sita, na kuna mtumishi wa Mungu amewashauri mumpumzishe warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa siku saba za kufunga "ili imani ifanye kazi peke yake". Kisha ukauliza mambo manne: zamu za ndugu, chakula, wageni wanaokuja kumwombea, na kama mumpeleke Morogoro akapumzike. Hilo la dawa umelipitisha kwa mstari mmoja tu, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi huo mstari ndio ulionitoa kitandani saa sita usiku.

Mama yangu alipasuliwa akiwa na miaka 58. Valvu ya moyo iitwayo mitrali, iliyoliwa polepole tangu utotoni na mafindofindo ambayo hakuna aliyeyatibu, kwa maelezo ya daktari. Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki saba baadaye alikuwa anatembea mwenyewe hadi kibarazani, anagombana na wauza mchicha, anaukumbatia mto wake kila akikohoa ili kidonda cha kifua kisimtese. Yaani amepona. Na hapo ndipo pabaya, mdogo wangu. Mgonjwa anayeonekana mgonjwa hakuna anayemgusa dawa zake. Balaa linaanza akishapendeza.

Mtumishi nilimleta mimi. Niliseme hilo mapema kabla hamjaanza kumtafuta mjinga wa hadithi hii. Mwaka 2011 nilikuwa bingwa wa kuwacheka watu waliopanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500. Nilikuwa naita ujinga. Miaka ikapita, mama akalala chini, nikagundua kwamba mimi sikuwa mwerevu kuliko wao, nilikuwa tu sijauguza.

Alikuja na suti, mafuta ya upako na kijana wa kamera. Akaomba vizuri, siwezi kudanganya, hata mimi nilitoa machozi. Halafu akauliza hizi dawa mezani ni za nini. Nikamwambia hii ni ya kuzuia damu isigande. Akamgeukia mama: "Mama, kila ukimeza hiki kidonge unamwambia Mungu hukumwamini." Mama yangu ni mama wa kanisa tangu hajazaliwa mtu wa kwanza kati yetu. Unafikiri angejibu nini? Akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nalishika kopo la dawa. Nikasema, "Basi tufunge hizo siku saba, tutaendelea baadaye." Laki tatu ya sadaka ya agano nikaitoa mwenyewe kwa simu, na ile meseji ya muamala ninayo hadi leo. Siifuti. Nikijisikia mwerevu sana huwa naifungua.

Sasa nikueleze nilichokuja kuelezwa nikiwa nimesimama koridoni, ili wewe usikisikie ukiwa umesimama koridoni. Valvu ya chuma damu haiizoei hata siku moja. Ikipata nafasi inagandia pale pale, na bonge likichomoka linapanda kichwani na kuleta kiharusi. Warfarini ndiyo inayoizuia, na ukiiacha, nguvu yake inaisha ndani ya siku chache tu. Haina akiba. Mama akiwa anatumia vizuri, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, alitakiwa acheze kati ya 2.5 na 3.5. Siku tuliyomrudisha hospitali kilisoma 1.1, sawasawa na mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo dawa.

Siku ya tano alitoa ushuhuda mbele ya kamera. Nguvu tele, uso unang'aa. Siku ya tisa, maana mbili tulijiongezea wenyewe kwa furaha, alikuwa anakunywa uji. Kikombe kikamtoka mkono wa kulia. Nikacheka, nikamwambia mama umeanza kuzeeka. Akataka kunijibu, mdomo ukaenda upande.

Niache hapo.

Nilipompigia mtumishi nikiwa hospitali, aliniambia nyumba yetu ilikuwa na mtu mwenye mashaka, na mashaka ya mmoja yanafunga baraka za wote. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani. Haipatikani kwangu tu, kwa watoa sadaka inapatikana vizuri, nilijaribu kwa simu ya jirani. Na ile video? Inazunguka. Shangazi yangu wa Tanga alinitumia mwaka jana kwenye kundi la ukoo na maandishi "Mungu wetu ni mkuu", mama akiwa chumba cha pili anafundishwa kushika kijiko upya. Sikumjibu shangazi. Ningejibu ningefukuzwa kwenye ukoo.

Na usinielewe vibaya ukadhani napinga maombi. Mchungaji wetu mzee wa usharika, Mlutheri wa zamani yule wa kuvaa koti hata jua likiwaka, alikuja wiki ile ile tuliyotoka hospitali mara ya pili. Alisoma Zaburi ya 121, akaomba dakika kama kumi, akasema amina, kisha akauliza: "Mama ameshameza dawa?" Nikajiona mdogo kama sisimizi. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akanikumbusha mfalme Hezekia: alilia, Mungu akamsikia, akaahidiwa miaka 15 zaidi, na pamoja na ahadi hiyo Isaya aliagiza waletwe tini zibandikwe kwenye jipu. Iko Wafalme wa Pili, sura ya 20. "Kama nabii mwenye jibu la Mungu mkononi alitumia tini," akasema, "wewe ni nani wa kutupa vidonge?" Swali hilo ningemwuliza yule wa suti siku ile, lakini siku ile nilikuwa bize kutafuta PIN.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaichosha hapa mpaka uichoke: kopo la dawa anashika mtu mmoja, na mtu huyo habadilishi kitu bila mkono wa daktari wa kliniki kuandika kwenye kadi. Si kwa mtumishi, si kwa shemeji nesi, si kwa kaka wa Mwanza anayetuma hela na amri kwa pamoja. Hata mama mwenyewe akikwambia amechoka, mpeleke kliniki akachoke mbele ya daktari. Anayetaka kuja kuomba, karibu, kiti kipo. Akiuliza dawa za mezani, mwambie chai inapoa.

Na si kuacha tu, hata kuongeza. Jino likimuuma usimkimbilizie diklofenaki ya dukani. Flajili nayo, ile tunayomeza kama karanga tumbo likichafuka, inaipandisha warfarini mpaka mtu anavuja damu puani. Mlonge na vitunguu saumu vya kusaga vya shangazi (huyo huyo wa Tanga) viwekwe kabatini, kwa heshima, na kabati lifungwe.

Chakula uliuliza. Watu watakwambia mboga za majani ni mwiko. Si mwiko. Kisamvu, matembele, mchicha ale, ila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Akikaa siku kumi bila mboga halafu siku moja mkampikia sufuria zima la matembele kwa sababu wageni wamekuja, kipimo kitayumba. Na kufunga kula ni hivyo hivyo, kunayumbisha. Kama roho inakusukuma kufunga, funga wewe. Wewe ndiye mwenye valvu za kuzaliwa nazo.

Mtauliza mama yangu yukoje. Anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia umerudi nusu. Maneno yalipotea, neno "maji" linamshinda, anaonyesha kwa kidole na anakasirika. Mimi ananiita kwa jina la mjomba aliyefariki, na nimeacha kumsahihisha, maana mjomba alikuwa mtu mwenye akili. Lakini ukianzisha wimbo wa kitabu cha kanisa anaimba beti zote, hakosei hata silabi. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alisema hutokea, nyimbo zinakaa sehemu nyingine ya ubongo. Tunaimba kila jioni. Wimbo ukiisha nampa kidonge, anameza, ananitazama vile vile alivyonitazama siku ile.

Morogoro sijui unasema kwa basi au gari binafsi. Hilo tutalirudia. Kwanza nijibu hapa hapa leo: INR yake ya mwisho ilikuwa ngapi, ilipimwa lini, na kopo la dawa sasa hivi liko kwa nani?