Kabla hujapaka trela rangi ndio uuze, sikia yaliyonipata

Jumamosi iliyopita trela yangu ya boti imeenda, na imeenda kwa bei yangu mimi. Sasa nikiwa bado na hiyo furaha wacha niwaambie vile mara ya kwanza niliaibika mbele ya watu pale ufuo wa Dunga, maana najua hata wewe uko na kitu imelala nyuma ya nyumba inamea nyasi na kila asubuhi unaiangalia ukipiga hesabu.

Hiyo trela niliinunua pamoja na boti ya faiba. Boti ikapata mtu haraka, trela ikabaki. Huku Kisumu wavuvi wengi hawana haja na trela, boti zao za mbao zinalala ufuoni tu, kwa hivyo wateja wanakuja mmoja mmoja, tena kwa nadra. Wangu wa kwanza nilimpoteza.

Ilikuwa imechoka sana. Ile bomba ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, rangi imebambuka. Wazee wa ufuoni wakaniambia maji ya ziwa hayana chumvi, hayawezi kula chuma. Wapi! Chumvi inaharakisha tu, kutu yenyewe inataka maji na hewa, na zile bomba za mraba ukishaziingiza ziwani zinajaa maji yanakaa humo wiki nzima yakitafuna chuma kutoka ndani, wewe uko nje unasema iko sawa.

Nikapata fundi, simtaji, akasema elfu nne na anamaliza leo. Akapitisha msasa juu juu kama dakika ishirini hivi, akachovya brashi, rangi ya bluu. Jioni ilikuwa inang'aa mpaka mtoto wangu akasema baba tusiuze.

Akaja jamaa wa Naivasha, yeye hubeba watalii kwa boti kule. Hakuongea mingi. Alitoa ufunguo wa gari akaukwaruza kwa bomba ya nyuma, rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la yai, na chini yake kutu ikamwagika kama majani ya chai. Halafu akauliza namba ya chesisi iko wapi. Kumbe fundi alikuwa ameipaka mara mbili hata haisomeki. Akaniangalia, akasema, "Mzee, unauza trela ama unauza rangi?" Vijana wakacheka. Mimi nilikuwa naitisha 90,000, yeye akasema atanipa 35,000 kama chuma chakavu. Nikamfukuza kwa hasira. Miezi minne imepita na hayo maneno bado yananichoma.

Mara ya pili nilifanya mwenyewe. Nikatoa taa, rola, winchi na magurudumu, nikakodisha grainda ya brashi ya waya, nikakwaruza siku mbili mpaka chuma cheupe. Vaa miwani, tafadhali, zile nyaya zinachomoka na kuruka, moja niliitoa kwa shati. Bomba ya nyuma ikatoboka tu nikiigusa, kwa hivyo nikaita welda akakata palipooza akaweka kipande kipya, na akatoboa tundu chini maji yawe yanatoka. Namba ya chesisi nikaifunika na tepu.

Ukifika chuma kitupu usilale ukisema utapaka kesho. Na hii hewa ya ziwa, asubuhi unapata kutu mpya ya rangi ya chungwa inakungoja. Piga redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, na usiishie hapo kwa sababu redi oksaidi inapitisha maji, lazima uifunike na rangi. Paka asubuhi, mvua ya huku inapenda jioni.

Halafu nikaharibu tena, kwa haraka zangu. Rangi ya mafuta niliyopaka juu ya redi oksaidi ilikuwa imekauka tu ya kugusa na kidole, nikaona nimalizie na ile ya magari ya kupuliza ndio ing'ae zaidi. Dakika chache yote ikajikunja kama ngozi ya maziwa ukiipuliza. Thina ya ile rangi ya juu inakula ya chini, ndio shida. Matagadi mawili nikakwaruza upya kabisa, nikarudia na ya mafuta peke yake.

Na jamani, tuache hii tabia ya kupaka juu ya uozo. Tunapaka gari, tunapaka nyumba mpangaji akikaribia kuja, halafu tunalia ati wateja wa siku hizi hawana imani. Watatoa imani wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa najua ile bomba imeoza, nilijua kabisa, na bado nikaipiga picha upande ule mwingine.

Mteja mwingine, jamaa wa Mbita, alipokuja nilimpeleka moja kwa moja kwa ile weldi, nikamwonyesha kipande kipya, nikampa ufunguo wangu nikamwambia kwaruza. Akacheka, akarudisha ufunguo, akainama kusoma namba ya chesisi akilinganisha na logbuku. Tukamalizana kwa 85,000.

Jumatatu nani akapiga simu? Yule wa Naivasha, ati kama trela bado iko. Nikamwambia trela imeenda lakini rangi imebaki nusu mkebe, akitaka namuuzia.