Muulize Anko: Nataka biashara ya michezo, mtaji sina

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa vijana wa miaka 14 mpaka 18, wote wanataka hela kidogo kupitia michezo na wengi bado wako shule. Nimejibu tano, nyingine zilikuwa zinauliza yaleyale.

Shikamoo anko. Nina miaka 16, nacheza winga timu ya shule. Nataka kuuza vifaa vya michezo, jezi, njumu, mipira, vyote, ila sina mtaji hata kidogo na kila ninayemuuliza ananiambia tafuta mtaji kwanza. Nianzie wapi? Winga Mtupu

Marahaba winga. Hao wanaokwambia tafuta mtaji kwanza kichwani wana duka, na wewe pia una duka kichwani, maana umenitajia bidhaa tatu na mteja hata mmoja hujamtaja. Litoe hilo duka kwanza. Njumu peke yake zitakumaliza, kwa sababu lazima uwe na kila saizi, anakuja mtu anavaa 42 wewe umebaki na 39 na 45, hela yako yote imelala kwenye maboksi na msimu umeisha.

Kijana asiye na mtaji auze kazi ya mikono kabla ya kuuza mali. Siku moja ya mazoezi usicheze, kaa pembeni na daftari uandike kila kitu kinachowakwamisha wenzako. Mpira hauna upepo, pampu ipo ila sindano imepotea. Mtu soli imeachia mbele kaifunga na kamba. Kipa glavu zimekauka hazishiki kitu. Vizibao vya mazoezi vinanuka maana kila mtu anadhani mwenzake ndio anavifua. Ukirudi nyumbani hapo kwenye daftari una biashara nne, na hakuna hata moja inayohitaji fremu ya duka.

Ningekuwa wewe ningeanza na mipira. Kila timu inayo na kila timu ina mpira mmoja au miwili mibovu imetupwa stoo. Vifaa vyake ni vichache: pampu yenye geji ya kupima upepo, sindano za pampu tatu nne, sindano nene ya kushonea, uzi mgumu wa nailoni, nta ya kuupaka huo uzi, solushen na viraka vya tyubu ya baiskeli. Vingi unaweza kuazima wiki ya kwanza.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo fundi anapotofautiana na mtu anayebahatisha. Mpira namba 5, ule wa wakubwa, mzingo wake ni sentimita 68 mpaka 70, uzito gramu 410 mpaka 450, na upepo kisheria ni kati ya 0.6 na 1.1 atmosfia, yaani kwenye geji ya psi ni kama 8.5 mpaka 15.6. Watu wengi wanajaza kwa kubonyeza na kidole gumba, ukija na geji tayari kocha anakuangalia tofauti. Na sindano usiichomeke kavu, hata siku moja. Mimi nilipokuwa mdogo niliazima mpira mpya wa timu jirani, nikachomeka sindano kavu kwa nguvu, valvu nzima, pale pa kujazia upepo, ikazama ndani, nilifua vizibao vyao mwezi mzima kulipa lile deni. Ilowanishe sindano, au weka tone la gliserini, na uisukume taratibu ikiwa imenyooka.

Mpira ukiletwa unavuja, ujaze, uuzamishe kwenye beseni la maji uangalie vipovu vinatokea wapi. Vikitoka kwenye valvu, mara nyingi ni ukavu tu, weka gliserini ndani ya kitundu, zungusha sindano kidogo, subiri, pima tena. Vikitoka kwenye mshono ujue bladda, yaani puto la ndani linaloshika upepo, imetoboka, hapo unafumua mshono kiasi cha kufikia palipotoboka, kama bladda ni ya butili, ule mpira wa tyubu za baiskeli, unaipiga msasa, solushen, kiraka, sawasawa na tyubu ya baiskeli, halafu unashona kwa uzi uliopakwa nta. Kama bladda ni ya mpira laini wa lateksi mwambie mwenye mpira mapema kwamba hiyo inapoteza upepo haraka hata ikiwa nzima, usipomwambia atarudi keshokutwa anakuita tapeli. Na ile mipira ya kisasa iliyogandishwa kwa joto bila mshono usiguse, mrudishie mwenyewe umwambie huu hautengenezeki. Kukataa kazi usiyoiweza kunakuletea wateja, niamini.

Bei usiweke kwa mpira mmoja mmoja. Ongea na kocha, mwambie kwa mwezi analipa kiasi fulani na wewe unahakikisha kila siku ya mazoezi mipira yote ina upepo na iliyofumuka imeshonwa. Yeye hataki mpira, anataka asikutane na mpira uliokufa saa kumi jioni watoto wameshapanga mstari. Timu tatu za hivyo na wewe una kipato kinachoeleweka.

Halafu hesabu. Kazi ikikuingizia 10, uzi na solushen vimekula 3, nauli 1, yako ni 6, sio 10. Vijana wengi wanakula 10 halafu uzi ukiisha wanasema biashara imekuwa ngumu. Hizo 6 zikijikusanya ndio uanze kuuza vitu visivyo na saizi: kamba za njumu, tepu za soksi, sindano za pampu, plasta. Mtu anavihitaji dakika kumi kabla ya mechi na duka liko mbali, wewe uko hapo pembeni na begi. Phil Knight, yule wa Nike, mwaka 1964 alianza kwa kuuza raba kwenye buti la gari lake palepale kwenye mashindano ya riadha, na Adi Dassler wa Adidas alianza kushona viatu kwenye chumba cha kufulia cha mama yake huko Ujerumani. Ila usiende kuwatajia hao kwa kocha, ataona unajikweza, mwonyeshe mpira ulioshona tu.

Mambo anko, binamu yangu ana mashine ya joto ya kuprinti jezi. Nimewaza nichukue fulana plain nipige nembo za klabu kubwa za Ulaya niuze, watu watazigombania. Unaonaje? Dizaina

Naona kesi. Nembo ya klabu ni mali ya watu imesajiliwa, kuipiga kwenye fulana yako bila ruhusa ni bidhaa feki, na kwamba kila mtu anafanya hakutakusaidia siku mzigo ukikamatwa. Halafu hata kibiashara utakuwa unashindana bei na wenye viwanda, utaweza wapi?

Timu ndogo ndio mteja wako. Timu za mtaani, za madarasa, za ofisini, hawana nembo na wanaitamani. Wachoree ya kwao, waprintie jina na namba. Chukua nusu ya hela kabla hujanunua hata fulana moja, na orodha ya majina, namba na saizi aiandike nahodha kwa mkono wake mwenyewe kisha asaini. Usikubali majina yaje moja moja kwenye simu, huyu voisi, yule meseji usiku, mwisho unajikuta na namba 7 mbili na jina la mtu limekosewa herufi, na hiyo hasara inakuwa yako kwa sababu huna ushahidi. Nahodha akikosea kwenye karatasi yake, kosa ni lake.

Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu maana kitambaa cha poliesta joto likizidi kinang'aa au kinaungua. Na kila jezi iende na kikaratasi: kaa siku nzima kabla ya kufua mara ya kwanza, geuza ndani nje, maji ya baridi, usipitishe pasi juu ya namba, usitie dawa ya kulainisha nguo maana inaziba kitambaa kisinyonye jasho. Namba zikibanduka kwa uzembe wa mfuaji lawama zinakuja kwako, hicho kikaratasi ndio kinga yako.

Habari za kazi ndugu. Mwanangu ana miaka 14, Jumamosi anafundisha watoto wadogo mpira na wazazi wao wameanza kumlipa. Nafurahi ila naogopa. Nimwache? Mama Kijana

Nzuri mama. Mwache, lakini asiwe peke yake. Mtu mzima mmoja awepo uwanjani muda wote, awe wewe au mzazi mwingine, mtoto wa watu akivunjika mkono sio wa kuachiwa mtoto mwenzake wa miaka 14. Idadi iwe ndogo, wanane hivi wanamtosha, maji yawepo, boksi la huduma ya kwanza liwepo, na awe na namba ya simu ya kila mzazi kwenye karatasi, simu inazimika. Picha za watoto zisirushwe mtandaoni bila wazazi kukubali.

Wachezee mpira namba 3 au namba 4, namba 5 ni mzito kwa miguu yao. Vichwa asifundishe kabisa. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige vichwa, na Uingereza mwaka 2020 ikaviondoa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi, sababu ni wasiwasi juu ya ubongo.

Kuhusu hela, nchi nyingi mtu chini ya miaka 18 mkataba wake hauna nguvu kamili, kwa hiyo makubaliano na wazazi yapite kwako. Ila daftari la mapato akae nalo yeye, wewe uwe unalikagua tu. Ukianza kumshikia hela na hesabu zote atabaki mfanyakazi wako.

Anko najua mpira kinoma, nataka kuuza mikeka ya kubeti, mtu ananilipa nampa utabiri. Mchambuzi, miaka 17

Hapana. Kamari sehemu nyingi ni ya miaka 18 kwenda juu, na mkeka ukichanika mteja wako hatakumbuka ile mitatu iliyotiki. Kama kweli unajua mpira, kuna timu hapo karibu yako haina mtu wa kuandika nani kapiga pasi ngapi na nani kapoteza mipira mingapi. Rekodi mechi mbili, kampelekee kocha karatasi, uone atasema nini.

Shikamoo anko, mimi ni msichana nina miaka 15, nafua na kukarabati vifaa vya timu yetu ya netiboli. Kazi naiweza, shida naona aibu kudai hela, ni rafiki zangu wote. Wengine wana deni la tangu muhula uliopita. Fundi Mwoga

Marahaba binti. Hiyo aibu haiishi, mimi mpaka leo ninayo, dawa ni kuipunguzia kazi. Bei itaje kabla hujapokea kitu mkononi, ukishapokea ukaanza kukitengeneza huna nguvu tena ya kutaja. Kila kifaa kifunge kitambaa chenye jina na kiasi, mtu akija kuchukua anasoma mwenyewe wala huhitaji kufungua mdomo. Hakijalipiwa, hakitoki, hata kama ni cha nahodha.

Yale madeni ya muhula uliopita waulize mara moja tu kwa upole, wasipolipa yafute, usiyabebe. Ila hao wakirudi wanalipa kabla. Na kama bado inakushinda, tafuta mtoto wa miaka tisa au kumi hapo nyumbani, mdogo wako au wa jirani, mpe daftari na kiti akae mlangoni, umlipe kidogo kwa kila aliyelipa. Watoto wa umri huo hawana aibu kabisa na hesabu zao haziteteriki.